Barua ya wazi kwa wakubwa wa Dodoma: wanywaji wapo, bar za mtaani ndo zinaisha

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Barua hii ni ya wote mnaohusika na bar za mtaani hapa Dodoma, na hapo hapo nimeshakwama kwenye anwani, maana sijui niandike kwa nani nimuache nani. Kuna wa leseni ya biashara, kuna wa leseni ya vileo, kuna wa kodi, wa mazingira, wa afya, wa zimamoto, wa usalama mahali pa kazi, wa haki za muziki, wa ardhi, halafu kuna mtendaji wa kata na mgambo wake. Bar yenye meza nane, friji mbili na spika moja ina wakubwa wengi kuliko wateja wa Jumanne. Kwahiyo naandika kwenu wote kwa pamoja, anayeona linamhusu alichukue, asiyehusika ampelekee mwenzake wa ofisi ya jirani.

Mi sina bar, nisiwadanganye. Mi ni mtu wa jiko. Najua wengi mnaelewa hii biashara ila mkishavaa tai mnajifanya hamjawahi kukaa kwenye kiti cha plastiki, basi ngoja nieleze. Bar nyingi za huku mwenye bar anauza vinywaji, jiko analikodisha kwa mtu mwingine. Mi nalipa kodi ya jiko kila mwezi, natafuta mwenyewe nyama na mkaa na ndizi na pilipili, mteja akikaa akaagiza bia mbili na nusu kilo ya mbuzi basi hela ya bia inaenda kaunta, ya nyama inakuja kwangu. Yeye anategemea jiko langu liite watu, mi nategemea bia yake iwe ya baridi. Ikifungwa bar, mi nafungasha wavu na masufuria nahama. Nshahama Majengo, nikahama Nkuhungu, nikahama Ilazo, na sa hivi niko upande wa Nzuguni, na kote nilikotoka bar zile hazipo, sehemu moja kuna fremu za nguo, sehemu nyingine kuna apatimenti za ghorofa mbili, na ile ya tatu geti limefungwa tu mpaka leo hamna kinachoendelea.

Sasa kuna maneno nayasikia sana kwamba bar zinafungwa kwa sababu watu wameokoka, au vijana siku hizi hawanywi, au hela hamna mtaani. Hela kweli imekuwa ngumu, hilo silipingi. Ila watu hawajaacha kunywa bana. Wamehama kiti tu. Nenda saa 1 jioni kwenye duka lolote la vinywaji vya jumla uone, mtu anapaki gari, ananunua bia zake sita na kichupa cha kitu kikali, anakunywa ndani ya gari huku anasikiliza redio, au anaenda nazo geto kwake. Nenda grosari, pale mbele wameweka mabenchi mawili na kreti zimegeuzwa kuwa meza, watu wamekaa tangu mchana, hamna choo, wanakojoa kwenye ukuta wa jirani, na bei iko chini kwa sababu mwenye grosari halipii king'amuzi, halipi mhudumu, halipi mlinzi, hawashi taa za nje.

Mnakumbuka viroba? Machi 1, 2017 pombe kali za kwenye vipakiti vya plastiki zikapigwa marufuku, na mi nilishangilia kabisa, maana vile vipakiti vilikuwa vinaua vijana, mtoto wa shule alikuwa ananunua kama ananunua bigijii. Lakini pombe yenyewe haikwenda popote, ilihamia kwenye vichupa. Na kichupa kinakaa mfukoni, hakihitaji bar. Mtu akishakuwa na bar mfukoni aje kwenye meza yetu kufanya nini, labda kuangalia mechi ya Simba na Yanga, na hapo anaagiza maji, anachanganya chini ya meza.

Nataka mjue bar inavyokufa maana najua kwenye ripoti zenu inaonekana tu kwamba leseni haikuhuishwa. Haifi siku moja. Kwanza mwenye bar anampunguza mhudumu mmoja, anasema ataitwa mwisho wa mwezi. Halafu friji moja inazimwa ili kuokoa LUKU, bia zote zinabanana kwenye friji moja, mteja anaanza kulalamika bia ina moto. Halafu king'amuzi hakilipiwi, wale wa mpira wanahama. Halafu zinaanza zile "leo Safari hamna, Kilimanjaro hamna, kuna hizi tu", na mwenye macho anajua tayari, maana bia haiuzwi bila kreti na chupa tupu, unapeleka tupu unapewa zilizojaa, hela ya mtaji kwa sehemu kubwa imelala kwenye zile kreti pale stoo. Siku ukikuta kirikuu kimeingia kwa nyuma asubuhi, wanapakia kreti tupu na hakijaja na kreti zilizojaa, basi huyo kaamua kuuza mpaka chupa. Mi siku hiyo huwa siulizi kitu, naanza kutafuta jiko sehemu nyingine.

Sababu ya kwanza na naiona kubwa kuliko zote ni ardhi, na hii ni ya Dodoma hasa, msinilinganishe na Dar. Uamuzi wa makao makuu kuja huku TANU waliupitisha mwaka 1973, tukakaa nao zaidi ya miaka arobaini tukiuzoea hivyo hivyo, halafu Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama kweli, na kweli wakahama. 2017 CDA, ile mamlaka ya kuendeleza makao makuu, ikavunjwa, mambo ya viwanja yakaenda manispaa, Aprili 2018 tukawa jiji. Sipingi hata kidogo, mi wateja wangu nusu ni watumishi waliokuja na wizara. Ila angalieni kilichotokea. Bar ile ya Ilazo ilijengwa wakati jirani yake ni mibuyu na njia ya ng'ombe. Mzee aliweka makuti, akaweka choo, akaweka jenereta, miaka hiyo hakuna aliyesikia kelele zake isipokuwa fisi. Baadae viwanja vikapimwa, vikauzwa, watu wakajenga nyumba nzuri, wakahamia, halafu mwezi wa kwanza tu wanaandika barua kwamba kuna bar inawasumbua. Na kwenye ramani pale pameandikwa makazi, kwahiyo mzee wa watu aliyetangulia kufika ndo anaonekana mvamizi. Aende akaombe kubadilisha matumizi ya ardhi, alipie, asubiri, majirani waulizwe, na majirani ndo hao hao walioandika barua.

Na hata asiposumbuliwa na mtu, mwenye kiwanja kama sio yeye anapiga hesabu. Hapa pana bar inayonilipa kodi ya kubembelezana, nikivunja nikaweka apatimenti nne napangisha watumishi. Ungekuwa wewe ungefanyaje. Simlaumu. Nawalaumu nyie mnaochora ramani za mitaa mipya, maana nimeangalia hizo ramani zenu, kuna shule, kuna kituo cha afya, kuna nyumba za ibada, kuna eneo la wazi ambalo baadae tunasikia limeuzwa, ila sijawahi kuona kipande kilichoandikwa hapa ndo watu wa mtaa huu watakaa jioni. Mnategemea wanaume na wanawake wa mtaa mzima wakitoka kazini waingie ndani wafunge milango mpaka asubuhi?

Kelele. Hapa nitasema ukweli na wenzangu wa kaunta watanichukia. Kuna bar kelele zake ni ukatili. Spika zimegeuzwa ziangalie barabarani, di-jei anapiga mpaka saa 9 usiku, jirani ana mtoto mchanga au ana mgonjwa wa presha. Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na NEMC, wale wa baraza la mazingira, wamekuwa wakizifungia bar na kumbi za starehe, wengine walistahili kabisa. Shida yangu ni pale rungu linapomshukia mwenye kiredio. Bar kubwa inayojaza magari barabara nzima ina mwanasheria, inalipa faini, Ijumaa inayofuata inapiga kama kawaida. Bar ndogo ikifungiwa wiki mbili haifunguki tena, mtaji wa wiki mbili ndo mtaji wote. Njooni na kipimo, pimeni mbele yetu, andikeni onyo, semeni spika ihamie ukuta ule na ipunguzwe saa fulani, halafu akirudia fungeni na mi nitawashikia kufuli. Ila sio kuja Ijumaa saa 2 usiku watu wana nyama mdomoni mnasema wote nje.

Kuhusu malipo sitaki kuwachosha, mnayajua kuliko mimi. Ushuru wa huduma hautuui. Kodi ya mapato haituui sana, mashine ya risiti tumeshaizoea. Kinachoua ni idadi ya watu wanaoingia mlangoni, kila mmoja na siku yake, karatasi yake na lugha yake. Huyu anataka mtungi wa kuzimia moto, huyu anataka vipimo vya afya vya kila anayeshika chakula, huyu anauliza umelipia muziki, huyu anauliza choo cha wanawake kiko wapi, na kila mmoja peke yake ana hoja ya msingi, sikatai, mi mwenyewe sitaki kuungua na mafuta ya chipsi. Lakini wakija mmoja mmoja mwaka mzima, mwenye bar anaishi kwa kujificha, akiona mtu kashika bahasha anatokea mlango wa nyuma, na mhudumu anafundishwa kusema bosi kasafiri. Serikali yenyewe ilikaa 2018 ikaandika ule mpango wa kurekebisha mazingira ya biashara, mnauita Blueprint, wa kupunguza tozo na kuunganisha kaguzi, na kuna tozo kweli zilifutwa. Siku hizi leseni inaombwa kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa simu, hapo nawapa hongera za dhati. Sasa kama leseni imeweza kuingia kwenye simu, ukaguzi unashindwaje kuwa siku moja, mkaja wote na gari moja, mkakagua, mkaondoka, tukaonana mwakani?

Halafu kuna muda. Siku za kazi bar inatakiwa ifunguliwe saa 10 jioni ifungwe saa 5 usiku, sheria ya vileo ni ya mwaka 1968, enzi hizo mtu ana jembe au ana ofisi, hakuna wa katikati. Naelewa nia yake, watu wasilewe saa za kazi. Ila kuna siku nimekaa zangu saa 7 mchana, nauza ugali na nyama ya kuchemsha, kuna mafundi wa ujenzi kama wanane wanakula, mezani kuna soda na maji, kaunta imefungwa na kufuli linaonekana. Wakaingia watu wakasema bar imefunguliwa muda wa kazi. Nikasema hii sio bar ni jiko, jamani angalieni kufuli lile. Wakasema kibao cha nje kimeandikwa nini? Kweli kibao kimeandikwa bar, na kimechorwa bia yenye jasho. Mafundi wakainuka na sahani zao, wengine walikuwa hawajalipa na sikuwaona tena mpaka leo. Chungulia mita mia kutoka pale kuna grosari, watu wako na chupa tangu saa 4 asubuhi, hakuna aliyeenda. Kwahiyo nawauliza kwa heshima tu, sheria inawinda pombe au inawinda kibao?

Na hizi klabu za kienyeji nazo mzihesabu msijifanye hazipo. Wengi mkisikia bar mnafikiria bia, lakini Dodoma hii imejengwa na ujimbi na chimpumu, wazee wa Kigogo wanakaa kwenye kigoda wanapiga stori za mvua na ng'ombe, kikombe kinazunguka, na aliyepika ni mama ambaye mtama na uwele wa pombe ile ndo ada ya watoto wake. Klabu hizi zinaisha kimya kimya kuliko hata bar, kwa sababu hazina kibao wala kreti za kupakia, siku mama amechoka kufukuzwa anazima moto basi. Na akizima huyo wa ujimbi, anayebaki ni wa gongo, yuko kichakani, haramu tangu zamani, anachanganya anachojua mwenyewe, na wateja wa kikombe wanamfuata huko huko.

Kuna na mambo ya msimu ambayo hamuwezi kuyazuia, nayataja tu. Bunge la bajeti likianza Aprili bar za Area D na Kisasa zinanona mpaka mwisho wa Juni, huku kwetu uswahilini hatuoni hata harufu yake. SGR ilivyoanza 2024 ikawa raha kwa msafiri na msiba kwa mwenye jiko, Ijumaa jioni mtumishi aliyekuwa anakaa wikiendi na nusu kilo yake sasa anadandia treni, usiku huo huo anakula na familia Dar. Vizuri kwake, ndoa nyingi zimepona. Stendi nayo ikahamia Nanenane, zile bar za karibu na ya zamani zilizokuwa zinakula kwa abiria zikabaki zinatazamana.

Sasa mtaniuliza, bar ikifungwa si nafuu, mnapungukiwa nini. Mi nitawaambia ninachokiona nikiwa nyuma ya moshi. Kwenye bar ya mtaani kuna dada wa kaunta anayejua kwamba fulani akifika bia ya nne anaanza ugomvi, anamwambia shem leo inatosha, anamuitia bodaboda, anamwambia boda mfikishe mpaka mlangoni hela yako nitakupa kesho. Anajua nani mke wake amejifungua, nani kafukuzwa kazi na anakunywa kwa hasira. Kukiwa na msiba, daftari la mchango linaanzia pale kaunta, usiku ule ule, kabla hata turubai halijafungwa. Nimeona vikoba vimeanzia kwenye meza ya bar, nimeona mtu kapata kiwanja, kapata fundi, kapata kazi ya udereva wizarani. Kwenye gari lililopakiwa gizani nani anamwambia mtu leo inatosha? Na huyo dada kaunta ikifungwa anaenda wapi, mnataka niseme au tuache hivyo hivyo.

Nisikilizeni na hili la mwisho kwenye malalamiko. Serikali hii hii inajua kutofautisha vinywaji, bia ya nafaka ya ndani isiyooteshwa kimea ina ushuru wake mdogo, mvinyo wa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 nao una wake mdogo, na ndo maana mkulima wa zabibu wa Hombolo na mkulima wa mtama wa huku wanapata soko. Safi sana. Mmeweza kuitofautisha pombe kwa shamba ilikotoka, kwanini bar mnaziona zote moja, ya meza nane na ya maegesho ya magari sabini?

Wenzetu Uingereza, ambao pub kwao ni kama kanisa, nao wanalia kilio hiki hiki, mwaka 2000 walikuwa na pub kama 60,000 na sasa ziko kama 45,000, bia ya supermaketi bei chee, kodi ya jengo juu, majengo yanageuzwa nyumba za kuishi. Ila walau wameshtuka. Kuna sheria yao ya 2011, wakazi wa eneo wanaweza kuomba pub yao iorodheshwe kama mali yenye thamani kwa jamii, mwenye jengo akitaka kuuza, mauzo yanasimama kwa miezi kadhaa wakazi watafute hela wainunue kama wanaweza. Na toka 2017 kule England huvunji pub wala huigeuzi duka bila kuomba kibali kwanza. Sisemi tuige kila kitu, sisi huku hata viwanja vya mpira tumeshindwa kuvilinda, ila wazo mnaliona.

Kwahiyo ninachoomba. Ukaguzi uwe siku moja kwa mwaka, ofisi zote kwa pamoja, na karatasi moja. Bar iliyokuwepo kabla kiwanja cha jirani hakijauzwa ipewe hati ya kutambuliwa, na anayenunua kiwanja pembeni aambiwe kabisa kabla hajalipa kwamba hapa kuna bar. Jiko liruhusiwe kuuza chakula mchana kama kaunta imefungwa, hili halihitaji hata hela, linahitaji mtu mmoja kusaini. Grosari inayoweka mabenchi ichague, iwe bar ilipe kama bar na ijenge choo, au itoe mabenchi. Kina mama wa pombe za kienyeji wakija na kikundi chao kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliyorudi 2024, msiwaambie waende kwanza wakajifunze kutengeneza sabuni. Na mitaa mipya huko Iyumbu na Mtumba mnayoipima, tengeni kipande kwa ajili ya hii kitu, mbali kidogo na nyumba, karibu na barabara yenye taa.

Najua mtaita kikao cha wadau. Mkiita msiishie kwa wenye hoteli na mawakala wa bia, muiteni na mhudumu mmoja, mama mmoja wa ujimbi, na mtu wa jiko. Na kiwe Jumatatu au Jumanne asubuhi tafadhali, mchana tunakuwa tunawasha mkaa, na Jumamosi msituite kabisa, tunakuwa mnadani Msalato tunatafuta mbuzi.